Kila Mguu na Lebo Yake

Tarehe 4 Februari

Dada,

Shikamoo. Habari za nyumbani, habari za goti lako, habari za majirani unaokaa nao mezani? Mimi mzima, ila nyayo zinawaka kwa kusimama. Nakuandikia kwa sababu simu yangu huipokei tangu tulipomzika Baba na kufunga duka lake la viatu. Barua hii nimempa dereva wa lori linaloleta huku katoni za mali mnayobandika lebo hapo ukumbini kwako, wewe na hao majirani. Ameniapia kwamba atakukabidhi mkononi na kwamba hataisoma. La pili sikuliamini.

Nina jambo. Hujawahi kuniuliza ninafanya nini hapa ghalani, kwa hiyo nikwambie. Duka la mtandaoni halina duka, lina ghala. Wauzaji wanaleta mali, sisi tunaipanga kwenye rafu, mteja akinunua tunamtumia. Mali ikija na lebo sahihi inapita. Lebo ikikosewa, au mteja akirudisha kitu kwa hasira, kitu hicho kinaletwa kwenye meza yangu. Yangu ndiyo meza ya matatizo. Wenzangu wananiita Hospitali.

Jana nililetewa mguu mmoja wa kiatu. Wa kushoto, mweusi, wa ngozi, umerudishwa na mteja aliyelipia jozi. Nikadhani tumeibiwa. Baadaye ukaja mwingine, wa kulia, kwa mteja mwingine. Mpaka natoka kazini nilikuwa na kikapu kizima. Nikageuza mfuko mmoja nikaona ulivyokunjwa: ncha mbili ndani, moja juu, kama Baba alivyotufundisha kufunga viatu. Nikajua vimetoka kwako.

Dada, umebandika lebo kwenye kila mguu. Huku, chochote chenye lebo ni kitu kimoja kamili cha kuuza. Mwambie Mwenye Viatu, huyo aliyekupa kazi, aombe mali yake irudishwe upesi. Ghala likichoka kukaa na kitu kisichouzika hukiteketeza.

Sijakuandikia ili nikucheke.

Mdogo wako


Tarehe 12 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti lipo pale pale. Majirani hawajambo: Mama Pacha anakusalimu, na Msusi anauliza wanawake wa huko wanasuka mitindo gani. Nimeshangaa kupata barua. Nilidhani kiguu na njia kama wewe huna hata mahali pa kuegemeza karatasi. Dereva anasema umehama chumba tena. Hicho ni cha ngapi? Basi, usinijibu.

Sasa hilo la viatu. Vililetwa kwenye viroba, vimefungwa kamba kwa kamba, vinakwaruzana. Nikavitenganisha, nikavifuta, kila mguu nikauvika mfuko wake na lebo yake chini ya soli, imenyooka, haina hata kiputo cha hewa. Lebo zilipoisha katikati ya kazi nilimwomba karani wa Mwenye Viatu anitolee nyingine, akatoa bila kuuliza. Kama ni kosa, basi karani naye kakosea, na printa imekosea.

Wewe umesahau, lakini dukani kwa Baba kila mguu ulikuwa na alama yake. Mmoja unakaa nje watu wauone, mwenzake unakaa ndani ili mwizi asipate cha kuvaa. Miaka yote ile hakuna mteja aliyeondoka na mguu mmoja. Hao watu wenu wanashindwaje kuchukua wa kushoto na wa kulia wakaiweka pamoja? Mtu mzima na akili zake akikuta kiatu cha kushoto, hajiulizi cha kulia kiko wapi?

Nina kazi. Leo ni vikombe, na lebo inateleza kwenye kikombe.

Dada yako

Umesema kikapu kizima. Kikapu cha ukubwa gani?


Tarehe 20 Februari

Dada,

Shikamoo. Goti lipashe maji ya moto, usilionee haya. Mimi naendelea. Ndiyo, nimehama. Chumba cha kwanza kilikuwa juu ya gereji, nyundo zinaanza kabla sijafumbua macho. Cha sasa kimepakana na ngazi, na kila anayepanda nadhani anakuja kwangu. Sijafungua mabegi yote.

Kikapu kimekuwa vikapu.

Na hapana, hawajiulizi. Hawajiulizi kwa sababu hawaangalii. Anayepanga mali anashika skana, anamulika mistari ya lebo, skana inalia pii, anakiweka kitu popote palipo wazi. Kiatu chako cha kushoto kiko kati ya sufuria na mpira wa watoto. Cha kulia kiko jengo la pili, juu kabisa, kwenye waya za kuchajia simu. Mteja akinunua, mashine inampeleka mchukuaji kwenye kitu kimoja. Anakichukua, pii, kimeondoka. Kuna mama amenunua jozi mbili kwa ajili ya mumewe, akapata vya kushoto viwili. Ameandika kutuuliza mumewe tunamwonaje.

Usiniletee habari za Baba. Baba alikuwa na rafu mbili na macho yake. Hapa kuna rafu ambazo hata mimi sijamaliza kuzitembea, na macho hakuna. Siku ya kufunga duka nilikwambia huwezi kuendesha kila kitu kama Baba, ukaniambia kama nyumba inanibana mlango uko wazi. Nikapita. Tuyaache hayo. Ninachotaka kujua ni kama Mwenye Viatu ameomba mali yake. Ameomba?

Mdogo wako

Lebo ya kikombe ibandike kwenye boksi lake, siyo kwenye kikombe. Tafadhali, Dada.


Tarehe 15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hali yako utaniambia mwenyewe, leo sina nafasi ya kuuliza.

Mwenye Viatu amekuja. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alikaa kwenye kiti cha Msusi, akaweka simu yake mbele yangu nisome malalamiko ya wateja, akinisogezea moja baada ya jingine kwa kidole. Duka la mtandaoni limemwonya kwamba yakizidi litamfungia. Ameomba mali irudishwe, wamemjibu kwamba miguu imetawanyika; itakayopatikana itarudi, isiyopatikana shauri yake. Kisha akaniambia, kwa sauti ile ile ya kuagiza chai, "Mama, nikizipata jozi zangu tutazungumza. Nisipozipata, kila mwenye mali hapa mjini atajua lebo zangu zilibandikwa nyumba gani."

Ungejua nimekaaje tangu siku hiyo. Nainuka, nakaa. Nakwenda dirishani, narudi. Nabandika lebo, naibandua, naibandika tena, mpaka Mama Pacha akaninyang'anya karatasi nzima. Meza hii ndiyo niliyobaki nayo baada ya duka. Na siyo mimi peke yangu. Mama Pacha analea wale wawili kwa meza hii, na Msusi hajasuka kichwa cha mtu tangu vidole vianze kumkaza. Viatu vikiondoka vitaondoka vikombe, na taa, na vitabu, tutabaki tunatazamana.

Naogopa. Neno hilo sijamwambia mtu mwingine. Karani sina la kumsema, wala printa. Kosa ni langu. Nisaidie kuvipata.

Dada yako


Tarehe 28 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye ngazi, nikairudia hapo hapo. Tulia kidogo.

Msimamizi wangu ana tabia ya kukubali jambo lolote asilolielewa, kwa hiyo nilimweleza haraka haraka. Kompyuta inanionyesha kila mguu umelala rafu ipi. Wachukuaji wakipita jirani na mikokoteni yao wananiletea. Nimewaambia ni viatu vya dada yangu, basi, jina la Hospitali limekufa, sasa naitwa Fundi Viatu. Mapumziko yakifika nazunguka mwenyewe. Unajua mimi kukaa kulinishinda tangu utotoni. Nadhani hii ni mara ya kwanza kuzurura kwangu kumemfaa mtu.

Viroba vinakuja na lori hili hili. Vimechanganyika, kushoto na kulia, saizi zote, sikupata muda wa kukutanisha. Na mingine haitarudi kabisa, kwa kuwa iko kwa wateja ambao hawakuirudisha.

Hilo likanikera. Mtu anapewa mguu mmoja halafu ananyamaza? Nikafungua nisome walichoandika. Wengi hawakuandika kitu. Lakini mmoja, mwalimu, ameandika hivi, nimekunakilia neno kwa neno: "Tangu nikatwe mguu nimekuwa nikinunua jozi na kutupa cha kulia. Hiki kimekuja peke yake. Naomba kingine kama hiki, cha kahawia." Mwingine mguu wake mmoja umeuzidi mwenzake. Anaagiza saizi hii, anaagiza saizi ile, anabahatisha upande, akipatia anashukuru, akikosa anaagiza tena.

Yasome ukitulia.

Mdogo wako


Tarehe 25 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Hujambo wewe? Unakula? Dereva anasema umekonda. Hana sababu ya kudanganya, ila ana mazoea.

Viroba vimefika. Tulisukuma meza ukutani tukavimwaga sakafuni, ukumbi mzima ukanuka ngozi. Mama Pacha akashika vya kushoto, Msusi vya kulia, mimi nikakaa katikati na goti langu nikiita. "Arobaini na mbili, mweusi, kushoto." "Huu hapa." Wakishaupata wanaugonganisha na mwenzake, soli kwa soli, ndipo wanitupie. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kila jozi tuliitia mfuko mmoja na lebo moja, na lebo za zamani tukazifunika usionekane hata mstari.

Mwenye Viatu alikuja akazikagua, akasema nimemwokoa. Halafu akasema kuanzia sasa lebo zitabandikwa kiwandani kwake, kwa mashine. Hakunitangaza kama alivyotishia, lakini mji huu haungojei kutangaziwa. Vikombe vimeondoka. Taa zimeondoka. Vitabu vimebaki, navyo ni vichache, tunavigawana tuonekane tuna kazi. Miguu iliyokosa wenzake ameniachia mimi. Alisema mbele ya wote, "Hiyo ni yako, ifanyie utakavyo," akafunga mlango. Imejaa kona nzima ya ukumbi. Msusi anasema tuichome moto, na mimi sina hata nguvu za kumkatalia.

Umezunguka ghala zima kwa ajili yangu na bado meza imekufa. Hilo ndilo linaloniuma. Na maneno ya huyo mwalimu wako, uliniandikia ili nifarijike kwamba yuko aliyefurahi? Sikufarijika hata kidogo.

Lori ni la Mwenye Viatu, kwa hiyo dereva naye hatakuja tena. Ukiandika, tia posta.

Dada yako


Tarehe 9 Mei

Dada,

Shikamoo. Usichome kitu.

Sikukuandikia ufarijike. Nimekuandikia uuze. Viatu ni vyako, amekuachia mbele ya mashahidi. Jiandikishe wewe mwenyewe kama muuzaji. Msusi ana simu nzuri kuliko zenu zote, mwambie aache kutazama mitindo akufungulie akaunti. Halafu sikiliza vizuri. Mwanzo mlitumia lebo ile ile kwa kushoto na kulia. Sasa kushoto kuwe na lebo yake, kulia na yake, kila saizi na kila rangi na yake. Andika kwa herufi kubwa kwamba unauza mguu mmoja, mtu asije akalalamika.

Mwalimu anaulizia mpaka leo. Maswali yake wananiletea mimi kwa sababu hawajui wayapeleke wapi. Yupo na mwanajeshi mstaafu. Yupo bibi anayemtafutia mjukuu. Nimetafuta dukani kote, mtu wa kuwauzia hakuna.

Wewe ndiye unayejua kubandika mguu mmoja mmoja, Dada. Sikutanii. Au nakutania kidogo tu.

Mdogo wako


Tarehe 3 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kukuandikia nikiwa nimeshindwa. Wiki kadhaa Msusi alikuwa anabonyeza na simu inamkatalia. Mara picha ni ndogo, mara jina halifanani na la kitambulisho. Nilimwambia tuache, akaniambia nikae kimya.

Katoni zimeondoka asubuhi hii kwa gari la kukodi. Jina lililo juu yake ni langu. Nililitazama mpaka mwenye gari akapiga honi. Kila lebo niliisoma mimi, akaisoma Mama Pacha, akaisoma Msusi, na Msusi akanirudishia moja ya kulia niliyokuwa nimeitia kwenye mguu wa kushoto. Niliibandua nikabandika ya kushoto.

Sasa sina la kufanya, na ndilo linalonimaliza. Nafagia palipofagiwa. Nikisikia gari natoka nje, nadhani zimerudishwa. Naomba unifanyie jambo moja. Wewe ndiye mwenye meza ya matatizo. Ukiziona katoni zangu mezani kwako, niambie wazi bila kunizungusha, maana hapo nitajua basi. Nitapangisha ukumbi nitafute kibarua, na hawa wenzangu nitawaambia mwenyewe. Usinionee huruma.

Dada yako


Tarehe 24 Julai

Dada,

Shikamoo. Kaa chini kwanza.

Nilizisubiri. Kila mkokoteni ulioletwa mezani kwangu niliupekua mpaka chini. Vilikuja vioo vilivyovunjika, vikaja mito isiyo na lebo, ikaja redio yenye lebo ya sabuni. Zako hazikuja. Siku zikapita, hazikuja. Nikasema gari limepinduka, au zimepelekwa ghala jingine, au Msusi ameandika anwani ya saluni yake ya zamani. Chakula hakipiti. Nalala najigeuza, naamka nimechoka, nakwenda kupekua tena.

Mwisho sikuvumilia. Niliacha meza nikaenda upande wa kupokelea mali, ambako sina ruhusa, nikamwuliza mpokeaji. Akatazama kwenye kompyuta yake. "Hizo? Mbona ziliingia zamani. Zilipita." Nikamwuliza zilikuwaje. Akasema hakumbuki. Nikamwambia ajaribu kukumbuka, akaniambia, "Dada, katoni zikiwa sawa nitazikumbukaje?"

Zimepita. Skana ililia pii kwa kila mguu, miguu ikapanda rafuni, na hakuna aliyegeuza shingo. Ya kahawia ya kushoto imeshaisha, nadhani unajua ni nani. Nilisimama pale mlango wa malori nikalia, na yule mpokeaji akanipa pole, akadhani nimefukuzwa kazi.

Halafu nikarudi mezani nikawaza. Kwangu huja yaliyoharibika tu. Ukiendelea hivi, kitu chako hakitafika tena mbele yangu, na mimi sitakuwa na jambo la kukuandikia. Nimeshika kalamu hapa, barua inayofuata sijui niianze vipi.

Mdogo wako


Tarehe 2 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, tena marahaba.

Barua yako niliisoma kwa sauti mezani. Mama Pacha alipiga vigelegele, Msusi akasema anwani ya saluni yake haikuhusu. Juzi fundi mmoja wa ngozi alikuja na kiroba begani, ana miguu mingi iliyobaki peke yake, akauliza kama tunapokea. Tumepokea. Meza tumeirudisha katikati ya ukumbi.

Yale ya mwisho sikuwasomea. Niliyasoma mwenyewe, jikoni, nimefunga mlango. Nikwambie kitu. Tangu Baba atutoke sikupitisha siku bila kukuwaza, na simu yako sikuipokea wala sikukuandikia, kwa kuwa sikuwa na jambo. Nilisubiri lipatikane jambo. Siku ile dereva aliponiletea barua yako, ile ya kunisuta kwa kosa langu, nilifurahi kabla sijaifungua, na nilipomaliza kuisoma nilikuwa na hasira na bado nimefurahi. Naona haya kuliandika hilo, lakini limeshaandikika.

Kwa hiyo niambie leo umekula nini. Niambie anayekaa mlango wa pili ni mtu wa namna gani, na kama anakoroma. Ukihama niambie, usipohama niambie. Kwani mpaka kitu kiharibike ndiyo tuandikiane?

Dada yako